Mwaka Aliotuandikisha Murugi

Shule ikifungwa, sisi wapishi tulikuwa tunakufa. Siku ile wasichana wanabeba masanduku kwenda barabarani, basa, mtunza fedha wa shule, alituita mmoja mmoja kwenye mlango wa stoo. Tulirudisha aproni, mwiko na kisu, tukatia sahihi kwenye kitabu kwamba kazi imeisha. Muhula ukifunguliwa tulikuja asubuhi na mapema kusimama nje ya geti pamoja na kila mtu aliyesikia shule inataka vibarua, na basa akapita mbele yetu akichagua. Akikunyooshea kidole, umefufuka. Mimi na Murugi tulikufa na kufufuka mara tatu kila mwaka, kutoka mwaka wa themanini mpaka wa tisini na tatu, na kila mara kitabuni tuliandikwa wapya, kama watu ambao hawajawahi kuona sufuria za shule ile.

Ilikuwa shule ya serikali, ya bweni, ya wasichana, juu kidogo ya barabara ya Naro Moru. Jiko lilikuwa la mabati, refu, na ukuta wa upande wa mlima haukumalizwa kujengwa. Kuni walizotuletea zilikuwa mbichi siku zote. Mtu akikaa miaka mitatu katika jiko lile, macho yake yanakuwa mekundu na hayarudi tena, na ndiyo maana kule kwetu Giakanja watoto walidhani mimi na Murugi tunalia njia nzima.

Murugi alikuwa mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la uji kutoka kiwiko mpaka kidole. Mdomo wake haukupumzika. Hata tukibeba sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe, watu wanne wameshika pande zote na mvuke unatuchoma, yeye alikuwa anasema tu.

"Kabura, shika vizuri. Wewe hata kifo kikija utakiambia kingoje kwanza ukoroge."

"Na wewe utakiambia kikae chini kisikilize."

"Kitasikiliza! Nani amewahi kunikataa?"

Aliniita Kabura, au aliniita rika. Watu wengine wote waliniita Mama Wahome, kwa jina la kijana wangu wa kwanza, kama inavyofaa kumwita mama mwenye watoto. Lakini watu wa rika moja hawana heshima baina yao. Wanaweza kutukanana mbele ya watoto na hakuna anayeshika neno. Mtu mkubwa akikutukana unanyamaza, mdogo akikutukana unamwadhibu. Wa rika lako peke yake ndiye unayeweza kucheka naye mpaka ulie.

Sasa nieleze rika letu, maana hapo ndipo mambo yote yalianzia.

Mwaka wa hamsini na mbili baba yangu Ndungu aliona siku mbaya zinakuja. Watu walikuwa wanaapishwa kiapo cha kumpinga mzungu, wengine wanashikwa. Dada yangu mkubwa alikuwa amefika umri wa kutahiriwa, na mimi nilikuwa mtoto tu, sijang'oa hata meno yote ya utoto. Baba akasema, "Nani anajua kama mwaka kesho kutakuwa na nyumba? Waende wote wawili mara moja." Hivyo nilipelekwa mtoni alfajiri na wasichana watano wakubwa, na mmoja wao alikuwa Murugi, rafiki ya dada yangu. Mambo hayo siku hizi yameachwa, na ni vizuri yameachwa. Nakumbuka maji tu. Yalitoka kwenye barafu ya mlima, na nilipoingia nilikosa pumzi nikataka kukimbia. Murugi alinishika mkono. Akaniambia, "Ukilia nitakupiga. Usipolia, wewe ni rika yangu mpaka tufe."

Sikulia. Na kwetu rika haliulizi ulizaliwa lini. Linauliza ulioga mto upi, na siku gani.

Dada yangu alikufa katika kijiji walichotufungia wazungu wakati wa hali ya hatari, kwa kuhara. Siku tulipomzika Murugi alikuja akaketi karibu na mimi, akasema, "Haya, sasa dada ni mimi." Tuliolewa karibu karibu, tukazaa, tukalima. Mume wangu alikufa, wake akaanguka kutoka kwa paa la kiwanda cha mbao akalala kitanda. Gicheru jina lake. Alilala kitanda kile miaka mingi, akiangalia dari, na Murugi alimgeuza asubuhi na jioni kama mtu anayegeuza chapati, na utani juu.

Mwaka wa sabini na tisa shule ile ilikuwa inajengwa, na tukasikia itataka wapishi wenye kipande, kitambulisho cha serikali. Wakati huo ndio wanawake walikuwa wameanza kuchukua kipande. Sisi hatukuwa nacho. Tukaenda kwa chifu, rika lote sita isipokuwa dada yangu, yaani tulikuwa watano, tukapanga laini, Murugi mbele. Karani alikuwa kijana mwenye tai.

"Mwaka wa kuzaliwa, mama?"

"Thelathini na nane," akasema Murugi.

"Anayefuata?"

"Thelathini na nane," Murugi tena, kabla mwenzetu hajafungua mdomo.

"Sijakuuliza wewe."

"Karani, usijichoshe. Andika hivyo mpaka mwisho wa laini. Sisi ni rika moja. Tulioga mto mmoja asubuhi moja. Unataka mmoja awe na miaka mingi na mwingine miaka kidogo, kwani tuko sokoni?"

Watu wakacheka. Karani akanitazama mimi, wa mwisho. Nilikuwa na miaka thelathini na tano lakini sikuwa na mwili.

"Na huyu mdogo?"

"Huyu si mdogo," Murugi akasema. "Ni mfupi."

Akaandika thelathini na nane. Nami nilifurahi, siwezi kuficha. Nilitoka pale nimeshika karatasi yangu na kichwa juu, kwa sababu mbele ya serikali nilikuwa sawa na wao. Kama ningesema mwaka wangu wa kweli, ningekuwa nimejitoa kwenye rika mbele ya watu, kama mtu anayehama meza wenzake wakila.

Hivyo ndivyo nilivyoongezwa miaka sita, kwa upendo.

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Naweza kusoma barua nikipewa muda. Lakini waraka wa serikali uliokuja mwaka wa tisini na tatu tulisomewa. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imekaza, na basa wetu, Gichovi, mtu wa Embu mwenye tumbo na roho nzuri, akasimama kwenye mlango wa jiko na karatasi mkononi.

"Mama zangu, habari imetoka juu. Nisikilizeni vizuri nisirudie. Vibarua wa shule wataandikwa kazi ya kudumu."

Tukapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele akakohoa moshi.

"Ngojeni, ngojeni. Wenye miaka kumi ya kazi na zaidi. Na wasiopita miaka hamsini kwa kipande. Aliyepita hamsini, shule inamshukuru. Muhula ujao asije."

Makofi yalikatika. Murugi alikuwa anachambua maharagwe, na mkono wake haukusimama.

"Rika," akaniambia, "basi safari hii tunakufa bila kufufuka."

Mtu atauliza kazi ya kudumu ni nini, kwani sufuria si ni ile ile? Sufuria ni ile ile. Lakini mtu wa kudumu shule ikifungwa anaenda nyumbani na kazi yake, halafu anarudi nayo. Akiugua, analala nyumbani na bado ni mpishi. Akizeeka kuna pensheni. Mimi nilikuwa na mjukuu, Kabura mdogo, ambaye binti yangu aliniachia alipokufa. Alikuwa darasa la saba na alikuwa wa kwanza au wa pili kila mtihani. Nilipika miaka yote ile kwa wasichana wa watu, nikiwatazama wakipanga laini na sahani zao na vitabu kwapani, na nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Nilitaka siku moja yule wangu asimame katika laini kama ile. Na mpishi anayekufa mara tatu kwa mwaka hawezi kumwahidi mtoto sekondari.

Mwalimu mkuu alikuwa Madam Kagwiria, mwanamke wa Meru, mkavu lakini wa haki. Alikuwa ametoa vitabu vyote vya stoo akajumlisha mihula yetu mmoja mmoja mpaka ikawa miaka. Aliniita ofisini.

"Mama Wahome, kazi yako inatosha. Ni miaka ya kipande inakukatalia. Hamsini na tano." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe kweli uko na hamsini na tano?"

"Hata mama yangu alizaliwa mwaka wa arobaini na hana sura changa kama yako," akasema Gichovi kutoka pembeni. "Huyu alizeeshwa na karani."

Sikuzoea kusema mbele ya meza.

"Kama ulibatizwa ukiwa mtoto, leta karatasi ya misheni," Madam akasema. "Na barua ya chifu, yenye mtu wa rika lako aliyekula kiapo kwamba kipande kilikosewa. Bodi inakaa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba. Baada ya hapo sina uwezo."

Nilienda misheni. Katekista alishusha kitabu kikubwa chenye vumbi, akafuata mistari kwa kidole, na nilikuwa pale. Kabura wa Ndungu, mwezi wa tatu, mwaka wa arobaini na nne, umri wiki tatu. Mwandiko ulikuwa wa padri mzungu, wa kulala. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Alininakilia, akapiga muhuri. Nikaikunja karatasi nikaitia ndani ya kopo la unga nyumbani, na kwa siku tisa sikumwambia Murugi.

Siku ya kumi Gichovi alipita jikoni akauliza kwa sauti, "Mama Wahome, ile karatasi ya ubatizo umepata?"

Murugi alingoja aondoke. Alikuwa ameshika mwiko, ule mrefu kama jembe.

"Karatasi gani, Kabura?"

Nikamwambia.

"Na ulikuwa unamficha nani? Mimi?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Siku nzuri!" Akacheka, lakini si kicheko chake. "Ati siku nzuri. Kichwa yako iko kama ile sufuria imetoboka. Mtu wa kiapo utamtoa wapi? Wawili wamekufa. Mmoja ameolewa Rumuruti, mwingine akiulizwa jina lake anasema ni uji. Si ni mimi tu nimebaki?"

"Ni wewe tu."

"Basi si ungesema."

Akakoroga ugali mpaka ukashika. Halafu akasema, "Tutaenda kwa chifu Jumatano."

Njiani Jumatano tulitembea kwa miguu, matope yakishika viatu. Murugi alivaa kitambaa chake cha kanisa. Yeye alibatizwa akiwa mtu mzima, siku za kuolewa, na misheni haikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa popote. Tulipofika karibu na daraja akasimama.

"Sikiliza, rika. Mimi nikishakusemea, na wewe utanisemea. Sote wa arobaini na nne. Kama chifu anaamini mto mmoja kwa thelathini na nane, ataamini mto mmoja kwa arobaini na nne. Au sio?"

Nilijua yeye ni wa thelathini na nane kweli. Alikuwa na matiti tayari siku ile ya mto. Nilipaswa kumjibu pale pale darajani, ndiyo au hapana. Nikasema, "Mungu atatusaidia."

Akachukua hiyo kuwa ndiyo. Nami niliacha aichukue.

Ofisi ya chifu ilikuwa na benchi, meza, na Biblia iliyofungwa kwa mpira kwa sababu kurasa zilikuwa zinatoka. Chifu alisoma karatasi yangu ya misheni mara mbili. Akaweka kipande changu kando yake.

"Hapa arobaini na nne. Hapa thelathini na nane. Mama, ni nani alidanganya, padri au wewe?"

Murugi akanyanyuka.

"Ni mimi, chifu."

"Wewe ni nani?"

"Murugi, bibi ya Gicheru. Ni mimi niliongea siku ya kipande. Huyu hakufungua mdomo. Alikuwa mtoto siku tulitahiriwa, tulimshika mkono aingie kwa maji. Mimi nilisema sisi wote ni mwaka moja kwa sababu sisi ni rika. Kama kuna kosa, ni yangu."

"Unajua kudanganya serikali ni kosa? Unajua ni jela?"

"Sasa najua."

Chifu akamtazama, akatikisa kichwa. Akamsukumia Biblia. Murugi aliweka mkono wake wenye kovu juu yake na kuapa, sauti yake wazi kama anaita wasichana kwenye chakula, kwamba Kabura wa Ndungu ni mdogo kwake kwa miaka mingi na kwamba mwaka wa kipande ni yeye aliyeutaja. Chifu akaandika. Akapiga muhuri. Ulilia mezani kama nyundo.

"Nimewasamehe leo," akasema. "Lakini nisisikie mwingine wa rika yenu amekuja hapa na miaka ya kupunguza. Nitamfunga mwenye miaka na nitamfunga shahidi. Mmesikia?"

"Tumesikia," nikasema.

"Chifu," akasema Murugi, bado amesimama. "Hata yangu ilikosewa. Mimi pia ni wa arobaini na nne."

Chifu akaweka kalamu chini polepole.

"Mama. Si umeapa sasa hivi huyu ni mdogo kwako kwa miaka mingi?"

Nadhani ni hapo tu alipoona. Alikuwa amekula kiapo changu vizuri mno. Alitaka kunitoa mimi na akasahau kuacha mlango wazi wa kupitia yeye. Lakini Murugi hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

"Miaka ni mingi kwa mtoto, chifu. Labda ni miezi. Mimi sikusoma. Kabura ananijua. Muulize."

Chifu akanigeukia. Murugi naye akanigeukia. Uso wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama siku zote tukishika sufuria, akijua upande wangu nimeshika.

"Mama Wahome," chifu akasema, na kidole chake kilikuwa juu ya Biblia. "Huyu alizaliwa lini?"

Watu wa kanisa niliowaambia baadaye walinisifu, kwamba sikuapa uongo. Niliwaacha wanisifu. Lakini sikuwa nimefikiria Biblia. Nilifikiria karatasi yangu iliyokuwa pale mezani, wino wa muhuri bado unang'aa, na mkono wa chifu karibu nayo. Nilifikiria akiichana.

"Sijui, chifu," nikasema. "Mimi nilikuwa mtoto."

Nje kuku alikuwa anaparua mabati.

"Basi mama," chifu akamwambia Murugi, bila ukali. "Umesikia mwenyewe."

Murugi aliketi. Alifungua kitambaa cha kichwa akakifunga tena, kwa utaratibu, akachomeka ncha. Nikachukua karatasi yangu. Tulipotoka mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote na upande wa Tetu ulikuwa mweusi.

"Tufanye haraka, Mama Wahome," akasema. "Mvua itatukuta."

Nilisimama katikati ya njia. Miaka arobaini na moja hakuwahi kuniita hivyo. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemsaidia mke wa jirani kuvuka matope.

"Murugi."

"Nakusikia, Mama Wahome."

Tukatembea.

Zilibaki wiki tano muhula kufungwa, na tulifanya kazi jiko moja kila siku. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningejua pa kushika. Aliniuliza kama mjukuu wangu amepona kikohozi. Alinipisha mlangoni nikiwa nimebeba kitu kizito. Mzaha wake aliwapa wengine, na mimi nikiingia aliupunguza, kama mtu anavyopunguza sauti mgeni akifika. Siku moja nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga ya walimu, kwa makusudi, nikangoja. Zamani angeniambia nimekunywa akili yangu na maji ya kuosha vyombo. Alionja, akafikiri.

"Ongeza maji kidogo, Mama Wahome," akasema.

Niliongeza maji.

Barua yangu ilikuja wiki ya mwisho. Niliisoma mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, kidole chini ya kila neno. Umeajiriwa kwa masharti ya kudumu. Nilisoma mstari huo nikarudia. Kando yangu Murugi alikuwa anasoma yake, ambayo ilikuwa fupi. Kisha alienda mlangoni mwa stoo akarudisha aproni, kisu, na mwiko ule mrefu. Gichovi aliupokea akaushika tu, hakujua auweke wapi.

Siku ya kufungua muhula wa Septemba niliingia getini bila kupanga laini. Askari alinisalimia kwa jina. Nilikuwa nimewasha jiko na uji umeanza kupanda wakati msichana mmoja wa jikoni alipokuja mbio.

"Mama Wahome, njoo uone. Murugi amekuja."

Alikuwa kwenye laini ya vibarua, nje ya geti, wa nne kutoka mbele. Amevaa leso yake ya kazi, kitambaa kimefungwa, mikono nyuma. Nyuma yake walikuwa wanawake wachanga ambao angeweza kuwazaa. Gichovi alipita akinyoosha kidole. Alipofika kwake akasita.

"Mama, si ulipewa barua?"

"Nilipewa."

"Ilisema usirudi."

"Ilisema nisirudi kazini. Haikusema nisisimame barabarani."

Wale wachanga wakacheka. Gichovi hakucheka. Akampita, akamchukua wa tano.

Laini iliisha, waliokosa wakaondoka, na Murugi akabaki amesimama. Manyunyu yalianza. Sijui alikuwa anangoja nini. Labda mwili ulikuwa umezoea tu. Nilijaza kikombe uji wa moto nikatia sukari ya walimu, nikampelekea, na tukasimama geti likiwa katikati yetu.

"Rika," nikasema. "Kunywa."

Alipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kwa asiyemzoea.

"Ubarikiwe, Mama Wahome."

Kulikuwa na mwanamke mjamzito ameketi kwenye jiwe, mmoja wa waliokosa. Murugi alimpa kile kikombe, akangoja mpaka amalize, akanirudishia kupitia katikati ya vyuma. Kisha akaanza kushuka na barabara. Kengele ya uji ililia na ilibidi nirudi, kwa sababu sasa ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni mwangu.

Hakuja tena. Nilisikia analimia watu viazi. Gicheru alikufa mwaka uliofuata, na Murugi mwenyewe mwaka wa tisini na sita, kwa kifua, wakati wa mvua ndefu. Kabura mdogo alikuwa kidato cha pili, na niliporudi na habari hiyo nilimkuta ameshona kola ya sare yake na amenipikia chai. Nilikuwa nimepata nililotaka. Nilikunywa ile chai yote.

Shule ilitoa gari kwa mazishi. Madam Kagwiria alikuja, na Gichovi, na sisi wapishi tumevaa sare mpya za kijani walizotupa sisi wa kudumu. Binti mkubwa wa Murugi ndiye aliyesoma orodha ya watakaoweka maua kaburini, kutoka kwa karatasi ambayo mama yake alikuwa amemwandikisha akiwa kitandani, maana Murugi hakuacha mtu amsemee hata kufa. Jamaa wa Gicheru walienda. Akina mama wa kanisa walienda. Halafu akasema:

"Rika ya mama."

Nilishika ukingo wa benchi. Yule wa Rumuruti alikuwa amekuja, ameinama, fimbo mkononi. Alisimama peke yake. Watu wakanigeukia, wale wazee waliotujua tukiwa wasichana, wakangoja niinuke. Binti yake pia alinitazama, halafu akatazama karatasi, na nikaona anatafuta jina ambalo halikuwepo.

Yule mama wa Rumuruti alifika kaburini polepole, akatupa ua moja, akabaki amesimama kama anayengoja wengine wafike. Kisha akarudi.

"Wafanyakazi wa shule," binti akasoma, chini kabisa ya orodha.

Gichovi akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende, Mama Wahome." Nikainuka nikaenda na wapishi wenzangu, watano, sare za kijani, na maua yaliyonunuliwa na shule. Udongo ulikuwa mwekundu na mvua ilikuwa imeulainisha. Niliweka ua langu mahali nilipoonyeshwa.